Nani Anakula Mtandao Wetu?

Ijumaa moja katikati ya mwezi wa sita, mwaka 2025, saa tatu na robo usiku, dada yangu aliganda mdomo wazi.

Hakuganda kwa ugonjwa, Mungu apishe mbali. Aliganda kwenye kioo cha simu ya Mama. Mama alikuwa amekaa uani kwenye mkeka, mgongo ukutani, khanga begani maana kipupwe kilikuwa kimeshaingia, na simu ameiegemeza kwenye sufuria iliyofudikizwa. Dada alikuwa Muscat, katika kile chumba chake nyuma ya jiko la watu, ambako kulikuwa saa nne na robo. Akasema, "Mama, halafu kuna jambo. Mimi mwezi wa tisa na..." Basi. Pale pale picha ikasimama, jicho moja limefumba nusu, na kile kiduara kikaanza kuzunguka. Kikazunguka wee, mwisho simu ikakata yenyewe.

Ndugu msomaji, wewe unaijua lugha yetu. Hiyo "na" peke yake haisemi kitu. Narudi? Naolewa? Naongeza mkataba? Nahamishwa, nafukuzwa, nafanyiwa upasuaji? Wiki nzima Mama alishinda anavitafuna vitenzi. Yuko na ungo wake anapepeta mchele, ghafla anainua kichwa: "Hivi hakusema 'narudi' yule? Mimi nilisikia kama 'nar'." Dada anakuwa na nafasi ya kuongea kwa raha usiku wa Ijumaa tu. Siku nyingine anatuma maandishi mawili matatu, na jambo zito haliandiki. Alituma moja tu: "Tutaongea Ijumaa Mama, usijali." Umeshawahi kumwona mama anayeambiwa asijali?

Sasa lawama zote zilikuwa zangu, maana intaneti pale nyumbani niliileta mimi. Sisi tunakaa Mwananyamala, katika nyumba ya Kiswahili aliyotuachia Baba: korido katikati, vyumba vitatu huku, vitatu kule, nyuma uani penye jiko, choo na stoo. Vyumba viwili tunakaa sisi, vinavyobaki vinapangishwa. Mimi kazi yangu ni kupiga video za shughuli, yaani send-off, harusi, maulidi, hata msiba kama watu wanataka. Usiku naandika hadithi ambazo nyingine mmezisoma humu na nyingine mhariri anazijua mwenyewe alikozipeleka. Mwezi wa kwanza nilivuta waya wa faiba kutoka kwenye nguzo mpaka chumbani kwangu, nikafungiwa ruta, nikasaini karatasi iliyosema megabiti 20 kwa sekunde. Nikatembea mtaani kifua mbele kama aliyenunua gari.

Baada ya simu ile kukatika nilianza na kampuni. Jina silitaji, maana mbele ya safari mtaona kwamba haikuwa na kosa. Nikampigia binti wa huduma kwa wateja, nikamwambia nyie wezi. Kwenye simu yangu nilikuwa naona faili zikishuka kwa kasi ya mbili na nusu, tena saa nyingine mbili na nusu haifiki, na mimi nalipia 20. Binti akaniuliza taratibu, "Kaka, hiyo mbili na nusu imeandikwa kwa b kubwa au b ndogo?" Nikamwambia mimi sikupiga simu kusomeshwa alfabeti. Kumbe ndiyo hesabu yenyewe. B ndogo ni biti, B kubwa ni baiti, na baiti moja ni biti nane. Megabiti 20 ukizigawa kwa nane unapata megabaiti mbili na nusu. Karatasi inauza kwa ndogo, simu inahesabu kwa kubwa, na mtu kama mimi anakaa katikati anatukana. Yule binti nilimkatia simu. Hata jina lake sikulishika.

Kijiweni nako wakaniambia waya wa baharini umekatika. Tangu lile tukio la Mei 12, 2024, hiyo ndiyo dawa ya kila kidonda. Kweli siku ile nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na sisi huku tukashinda tunatazama viduara. Lakini tangu hapo ikawa hata mtu akisahau kulipia bando atakuambia baharini kuna matatizo. Papa ameng'ata.

Mimi sikuamini habari ya papa. Mimi niliamini kuna mtu.

Usiku ule ule nilikaa pale uani alipokuwa amekaa Mama, nikafungua ukurasa wa ruta, ile namba 192.168.1.1, nione ni nani na nani wamejiunga. Ukurasa ukachukua karibu dakika nzima kufunguka. Ningekuwa na akili ningesimama hapo hapo. Ukurasa wa ruta haupiti baharini, haupandi kwenye nguzo, hautoki hata nje ya nyumba. Unatoka kwenye kile kiboksi kilichoko chumbani kwangu, hatua kama ishirini tu, unakuja mkononi. Kama wenyewe unachechemea, basi ugonjwa uko ndani ya hizo hatua ishirini. Lakini nilikuwa natafuta mwizi, na mtu anayetafuta mwizi haangalii njia, anaangalia sura.

Orodha ikaja. Vifaa tisa. Simu yangu, laptopu yangu, simu ya Mama, runinga, simu mbili za fundi cherehani wa chumba cha mbele ambaye nilimpa paswedi kwa mkono wangu, simu ya mke wake, tableti ya mtoto wao. Na kimoja kilichojiita "Mtunzi".

Mtunzi alikuwa Dogo. Dogo ni kijana wa chumba cha mwisho, yeye na mama yake wanaouza vitumbua asubuhi. Kamaliza kidato cha nne, anasubiri dunia imwamue. Alikuwa na simu ya kioo kilichopasuka kama ramani ya mito. Mimi sikumpa paswedi. Basi nikamaliza kesi hapo hapo, hakimu mimi, shahidi mimi.

Kesho yake Jumamosi Mama aliamkia msibani Temeke. Nikabadilisha paswedi, kisha nikatoka uani wakati watu wote wapo: mke wa fundi anafua, mama yake Dogo anaosha chuma chake cha vitumbua, na Dogo mwenyewe anachota maji kwenye simtanki. Nikasema kwa sauti ambayo hata wapita njia waliisikia. Nikasema humu ndani kuna mtu anakula mtandao wa watu, mtu anaongea na mwanawe aliyeko Uarabuni hawasikilizani kwa ajili ya kijana mmoja anayeangalia mapicha usiku kucha. Dogo akaweka ndoo chini. Akasema, "Braza, mimi siangalii..." Nikamkata. "Eti Mtunzi! Mtunzi gani? Mtunzi wa bando za watu?" Mke wa fundi akacheka. Hicho kicheko nakisikia mpaka leo.

Mama yake Dogo hakunijibu kwa ukali. Alikausha mikono kwenye khanga, akaniangalia, akasema, "Sawa, baba." Mwanamke yule siku zote alikuwa ananiita mwanangu.

Mama aliporudi jioni nikamweleza kwa furaha kwamba mwizi nimemkamata. Akavua viatu taratibu. "Paswedi nilimpa mimi," akasema. "Meseji za dadako nani ananisomea wewe ukiwa kwenye maharusi yako? Macho yangu unayajua. Ananisomea, na mimi nikasema basi mtoto atumie." Nikajitetea kwamba hata hivyo atakuwa anazidisha. Mama akanyamaza. Akaniambia tu tutaona Ijumaa.

Ijumaa ikaja. Dogo amekatwa, hayumo kwenye orodha, nimehakikisha mara tatu. Saa tatu kamili Dada akapiga. "Shikamoo Mama." "Marahaba mwana..." Kiduara. Hawakufika hata kwenye jambo lenyewe.

Nilichukia namna ambavyo siwezi kuieleza. Si mtandao tu. Nilichukia kwa sababu mwizi alikuwa hayupo na wizi ulikuwa unaendelea.

Jumamosi nikaenda Kariakoo kwa fundi mmoja wa kompyuta, mtu mzima, hana maneno mengi. Nikamwaga kisa kizima, nikitegemea aniuzie ruta mpya. Akaniuliza swali moja tu: "Umepima kwa waya?" Nikamwambia sijapima kwa waya. "Basi hujui kitu," akasema, akarudi kwenye kazi yake. Nilinunua kwake waya wa mita tatu wenye vichwa vile vya plastiki kila upande, nikaondoka.

Jumapili asubuhi nikapima. Nikachomeka waya kutoka ruta moja kwa moja kwenye laptopu, vifaa vingine vyote nimevizimia waifai. Kupakua, 19 na pointi. Kupakia, tano kasoro kidogo. Ile tano imeandikwa kwenye karatasi yangu ya mkataba, sema niliisoma 20 tu nikasaini. Kumbe kampuni ilikuwa inaleta kila ilichoahidi mpaka mlangoni kwangu.

Nikachomoa waya, nikabaki mle mle chumbani kwa waifai: tisa. Nikasogea koridoni: tano. Nikapita mlango wa nyuma, nikakaa pale kwenye mkeka wa Mama, mgongo ukutani kama anavyokaa yeye. Moja na robo. Nikapima tena. Pointi nane.

Basi nikarudi chumbani nikamtazama mgonjwa mwenyewe. Ruta yangu ilikuwa ndani ya kabati la chuma. Ndiyo, umesoma vizuri. Lile kabati la Baba la ofisini, la chuma kitupu, ambalo kwenye mlango nilibandika kioo kirefu cha kujitazamia nikitoka kazini kwa watu. Siku ya kufungiwa, fundi wa kampuni aliiweka ruta juu ya meza. Alipoondoka nikaogopa. Nyumba ya kupangisha, watu wanaingia na kutoka, kifaa cha watu kikiibwa nitalipa nini? Nikatoboa tundu nyuma ya kabati, nikapitisha nyaya, nikaitia ndani pamoja na kamera zangu, nikafunga kufuli. Miezi mitano nilikuwa nimeifungia sauti kwenye sanduku la chuma halafu nalalamika haisikiki.

Nieleze kidogo, maana wengi wetu tunadhani waifai ni kama hewa, inapita popote. Ni mawimbi ya redio, ndugu zake na yale yanayokuletea taarifa ya habari, ila haya yana nguvu ndogo sana. Chuma hayapiti, yanagonga na kurudi. Kilichokuwa kinatoka kwangu kilitoka kwa kubahatisha kwenye nyufa za mlango na lile tundu la nyaya. Kioo cha kujitazamia nacho, kwa nyuma kimepakwa madini, kwa mawimbi ni chuma kingine. Kilichoponea hapo kinakutana na ukuta wa matofali ya saruji, kisha ukuta mwingine, na kutoka chumba cha mbele kushoto mpaka uani nyuma mawimbi yanazikata kuta kwa mshazari, kwa hiyo unene unaongezeka. Halafu friji ya Mama imesimama hapo hapo njiani.

Na kuna jambo la pili ambalo mtaa kama wetu unalijua bila kulijua. Ruta yangu ilikuwa inatumia masafa ya gigahezi 2.4, na masafa hayo yana chaneli 13, lakini zimelaliana. Zisizogusana kabisa ni tatu tu, ya 1, ya 6 na ya 11. Nilifungua programu ya kuangalia chaneli nikakuta mitandao 17 inasomeka kutoka kitandani kwangu, na zaidi ya nusu imerundikana kwenye ya 6, yangu ikiwemo. Waifai ina adabu ya ajabu: kifaa kabla hakijasema kinasikiliza kwanza, kikimsikia mwingine wa chaneli ile kinangoja, hata kama huyo mwingine ni wa nyumba ya tatu na hamjuani. Fikiria bomba moja la maji na nyumba 17, kila mmoja mstaarabu, anasema tangulia wewe. Maji yapo, ila ndoo yako hujai.

Basi nikaitoa ruta kifungoni. Nikapigilia kibao cha mninga koridoni, juu, karibu na dari, katikati ya nyumba, kufuli nikalitundika kwenye kisanduku cha mbao chenye matundu. Nikaihamisha chaneli kutoka 6 kwenda 11, ambako kulikuwa na majirani watatu tu. Ruta ina masafa mengine pia, ya gigahezi 5, ambayo yana kasi zaidi na hayajajaa, sema kwenye kuta yanachoka mapema; hayo nikayaachia laptopu na runinga. Nikarudi kwenye mkeka wa Mama. Kumi na nne.

Nilipiga kelele ya furaha. Mlango wa chumba cha mwisho ulikuwa wazi, na Dogo amekaa kizingitini anakata kucha. Alinitazama, akaangalia kucha zake.

Hapo ndipo pa kusimulia polepole, kwa sababu ndipo ninapoharakisha kila mara kichwani. Nilikwisha jua. Jumapili ile saa tano asubuhi nilijua kwa tarakimu, kwa kipimo nilichopima mwenyewe, kwamba Dogo hakuhusika. Kutoka kwenye mkeka mpaka kizingitini kwao ni hatua sita. Nikajiambia nitamwambia jioni. Jioni nikajiambia nitampa paswedi mpya, ataelewa mwenyewe. Jumatatu nikapata send-off Tabata. Nilikuwa na siku nane, ndugu msomaji. Nimezihesabu.

Ijumaa ya tatu, Mama akakaa, sufuria ikafudikizwa. Dada akatokea kwenye kioo safi kama aliyekaa chumba cha pili, mpaka Mama akaona kwamba amekonda, akaona na pazia jipya nyuma yake. "Mama?" Dada akasema. "Mama, mbona umesimama? Mama, sikusikii." Mama anasema nipo, nipo mwanangu, nakuona. Dada anazidi kuinama kwenye simu yake. "Haya, kama unanisikia, mimi sikusikii. Nitapiga wiki ijayo. Jambo hili siwezi kulisema bila kukusikia."

Nikasimama pale nimeduwaa. Safari hii nilishajifunza kuuliza kabla ya kukamata mtu. Sisi tunamwona, yeye hatuoni. Maana yake kinachokuja kinakuja, kinachokwenda hakiendi. Kupakua kuzima, kupakia kufu. Na kupakia nina megabiti tano tu. Nani anapakia saa tatu usiku?

Nikafungua orodha. Mtunzi hayupo. Fundi cherehani amelala. Nikapima muda wa kwenda na kurudi, ile pingi: siku ya Jumapili ilikuwa milisekunde 11, sasa zaidi ya 900, karibu sekunde nzima kwa kila neno la Mama kungoja kwenye foleni. Nikazima kifaa kimoja kimoja. Runinga, hakuna mabadiliko. Laptopu, hakuna. Kisha nikaingia chumbani, nikachomoa chaji kwenye simu yangu, nikaizimia waifai.

Milisekunde 12.

Simu yangu ina mpango wa kuhifadhi video zangu mbali, kule kwenye hazina ya intaneti, ili nikiibiwa simu nisipoteze kazi za watu. Niliuwekea masharti mwenyewe: ianze pale tu simu inapochajiwa na iko kwenye waifai. Na mimi nakuwa nyumbani kila siku saa mbili na nusu, naingia chumbani, nachomeka chaji, natoka kukaa na Mama. Usiku ule ilikuwa inapandisha shughuli ya Tabata, gigabaiti 3.6. Kwa mlango wa megabiti tano hiyo ni saa moja na dakika 36, kama hakuna mwingine anayepita. Dada alikuwa anapiga saa tatu kamili, katikati ya mafuriko yangu, kila Ijumaa.

Nikaupangia mpango ule uwe unaanza saa nane za usiku. Ilinichukua nusu dakika.

Jumatatu, tarehe 30, mama yake Dogo alileta mkokoteni. Godoro, jiko la mkaa, ndoo tatu, chuma cha vitumbua, sanduku la bati. Kodi yao walilipa ya miezi sita, ilikuwa imebaki miwili, na hawakuidai. Mama alimfuata na pesa mkononi mpaka barabarani, yule mama akazirudisha kwa mikono miwili, akasema zimsaidie dada akija. Alikuwa anajua habari ya "mwezi wa tisa na". Wote pale uani walikuwa wanajua. Mimi nilikuwa nimesimama koridoni chini ya ruta yangu. Dogo alinipita na sanduku kichwani, akasema, "Baadaye, braza," kwa heshima tu, kama mtu anayesalimia polisi.

Mama hakukipangisha kile chumba. Watu wawili walikuja kuulizia akasema kina mtu. Alikifagia, akapaka chokaa, akahamishia kitanda cha Dada. Mimi sikumwuliza kitu.

Ijumaa ya nne mtandao ulikuwa safi. Nasema hili kwa majuto. Hakuna kilichokwama. Nilikuwa nimekaa pembeni na simu yangu imezimwa kabisa, naisikia pumzi ya Dada kutoka ng'ambo ya bahari. Akasema, "Mama, wale watoto wa hapa wamenizoea, na wameniongezea kidogo. Mimi mwezi wa tisa naongeza mkataba. Miaka miwili mingine." Na kioo kikaonyesha kila kitu, alivyouma mdomo, alivyotazama pembeni, jinsi jicho lilivyojaa kabla hajalifuta. Kwa upande wake naye alikuwa anamwona Mama hivyo hivyo. Moyoni nilitamani kiduara kirudi, japo kidogo, kimfiche mmoja wao.

Mama akasema, "Sawa mwanangu. Umekula?"

Wakaongea habari ya chakula dakika arobaini.

Mwezi wa saba nilikuwa nafuta vitu kwenye simu kupata nafasi, nikafika kwenye mazungumzo ya zamani na Dogo. Mwezi wa tatu alikuwa amenitumia faili. Chini yake ameandika: "Braza shikamoo, nisomee hii unipe maoni, usiogope kunikosoa." Sikuwa nimeifungua. Ilikuwa hadithi, maneno kama elfu mbili, kaiandika kwa kidole gumba kwenye kioo kile kilichopasuka. Pembeni simu inaonyesha ukubwa wake: kilobaiti 15. Mtu mwenye mazoea mabaya ya kupima hawezi kujizuia. Kwenye mtandao wetu faili lile linashuka kwa muda usiofika hata sehemu moja ya mia ya sekunde. Shughuli ya Tabata peke yake ilikuwa na uzito wa hadithi kama hiyo laki mbili na arobaini elfu.

Ni hadithi ya bibi mmoja anayemsubiri mjukuu ampigie simu, na kila simu inayoita ni ya jirani. Tahajia imemshinda mahali pengi, na mwisho ameuharakisha. Lakini yule bibi namjua anavyokaa, mgongo ukutani, khanga begani. Mimi nimekaa naye miaka 26 sijawahi kumwandika hivyo.

Nikamwandikia Dogo maneno mengi, nikayafuta, nikaandika machache. Nikasema hadithi nimeisoma, ni nzuri, na nimekukosea. Ikatokea alama moja tu ya kutumwa. Ya pili haijatokea mpaka leo. Labda amebadilisha laini. Mama anasikia wako Mbagala, mwingine anasema Gongo la Mboto.

Wiki iliyopita niliirudisha paswedi ya zamani, ile ile aliyopewa na Mama. Fundi cherehani alininung'unikia, maana ilibidi waandike upya simu zote na tableti ya mtoto. Sikumweleza sababu. Simu huwa haisahau: ikishajiunga na mtandao mara moja, hukaa na jina na paswedi yake, na mwenyewe akipita karibu inajiunga bila kumwuliza, hata akiwa anapita tu barabarani kwenda kwa watu wengine. Uchochoro wa nyumba yetu unakatiza kwenda kituo cha daladala. Jioni, kabla Mama hajatandika mkeka, nafungua ile 192.168.1.1 na kuangalia orodha. Sasa inafunguka mara moja. Jana vilikuwa vifaa nane.